Maziwa ya Ngamia Hayana Malai

Susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka, haistahili sifa ikiwa nzito, na nimechoka kuisikia ikisifiwa. Karibuni, kwenye karamu moja hapa Garissa, wageni walipitishiana jagi la susa iliyoganda kiasi cha kijiko kusimama, juu imetanda malai ya manjano, wakaapa hawajapata kuonja maziwa ya ngamia matamu kama yale. Yale yalikuwa ya ng'ombe, pengine yametiwa kikombe cha ngamia ili yapate jina. Wenyeji waliojua walinyamaza kwa adabu. Adabu hiyo inawanyima riziki akina mama wanaokaa juani Soko Mugdi na kitu halisi.

Susa ya kweli humiminika. Protini inayoyafanya maziwa ya ng'ombe yashikane imo kidogo mno katika ya ngamia, kwa hiyo hata yakilala siku mbili hayakatiki kwa kijiko. Ukiinamisha gilasi, susa iteleze na kuacha utando mwembamba ukutani. Rangi iwe nyeupe pe. Ukali wake uamshe ulimi bila kukwaruza koo. Inayotetemeka kama uji uliopoa ina wanga au maziwa ya unga, na sina haja ya kuionja ili niseme hivyo.

Lakini jambo linalowapita wote ni mafuta. Mnunuzi mgeni hutazama juu ya chombo akitafuta malai, akiyaona anafurahi, asipoyaona analalamika kwamba maziwa yameenguliwa. Anasoma alama kinyume. Mafuta ya maziwa ni matone madogo yanayoelea ndani ya maji, na kila tone limevikwa utando wa molekuli zenye upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Utando huo ndio unaopunguza mvutano kati ya viwili hivyo, matone yasikimbiliane na kuungana. Katika maziwa ya ng'ombe yaliyopoa kuna protini inayoyakusanya matone mafungu mafungu, nayo mafungu hupanda haraka. Ya ngamia hayana mkusanyaji huyo, matone yake ni madogo zaidi, na utando wake ni mnene. Basi hubaki yametawanyika. Jaza gilasi maziwa mabichi, iweke kwenye friji usiku kucha, uitazame asubuhi kwa ubavu, si kwa juu. Ya ngamia yatakuwa na weupe mmoja toka chini hadi ukingoni, au karibu sana na hivyo. Ukiona mstari wa malai uliokatika wazi, mrudishie mwenyewe.

Utando huohuo ndio unaoifanya siagi ya ngamia kuwa kazi ngumu. Zakaria Farah na wenzake wa Zürich, waliochapisha utafiti wao mwaka 1989, walionyesha kwamba malai ya ngamia yasukwe yakiwa na joto la nyuzi 20 hadi 25, ilhali ya ng'ombe husukwa kwenye nyuzi 8 hadi 14. Anayeyapoza kwanza, kama alivyofundishwa kwa ng'ombe, atasuka mpaka mkono ufe ganzi. Na mafuta yakishatoka huwa meupe. Samli ya manjano iliyobandikwa picha ya ngamia ni ya ng'ombe, basi.

Walaghai wenye akili hawatii maziwa ya ng'ombe. Hutia ya mbuzi, kwa sababu nayo matone yake ni madogo na malai yake hayapandi upesi. Kipimo cha gilasi hakimnasi mtu kama huyo, pua ndiyo humnasa. Nilimjua ayeyo mmoja, bibi wa Kisomali, aliyekuwa akipokea maziwa alfajiri kutoka malishoni. Hakuonja kwanza. Alimimina kidogo kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba mpaka yapate joto la mwili, kisha akanusa. Siku moja alisugua, akanusa, akamrudishia kijana mtungi mzima bila neno. Kijana hakubisha, akaondoka nao.

Ayeyo huyo hakukubali plastiki. Dhiil yake, chombo cha maziwa cha nyuzi zilizosukwa, ilifukizwa kwa kijinga cha mgunga, moshi ukalala kwenye nyuzi hizo, na maziwa yakapokea harufu polepole njia nzima. Siku hizi jerikeni ndiyo inayosafiri kilomita zaidi ya 350 hadi Islii, Nairobi, nayo huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa haraka. Sabuni ina tabia ileile ya kushika maji upande mmoja na mafuta upande wa pili, nayo hung'ang'ania nafasi ya utando wa asili. Povu la maziwa mazuri ni laini, la vipovu vidogo vilivyobanana. Vipovu vikiwa vikubwa na ulimi ukiteleza, usinywe. Enzi za dhiil hukuwa na haja ya kuulizia povu.

Kuhusu wepesi, kuweni na haki. Ngamia mwenye kiu hutoa maziwa yenye maji mengi zaidi ili ndama wake aishi. Katika majaribio ya Yagil na Etzion yaliyochapishwa mwaka 1980, mafuta yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.1 ngamia walipokosa maji. Katika ukame ulioanza 2020, nilisikia akina mama wengi wakiitwa wezi kwa maziwa ambayo hayakuguswa na mkono wa mtu. Kabla ya kumshitaki muuzaji kwamba ametia maji, muulize ngamia walinyweshwa lini na kisima gani. Anayeuza ya kwake, au ya watu anaowajua, hukutajia kisima papo hapo.