Kugawa, Kutenga na Hame: Uhakiki wa Istilahi za Kumbukumbu ya Kompyuta

Uhakiki huu unachunguza istilahi za usimamizi wa kumbukumbu ya kompyuta, yaani jinsi programu inavyopata na kurudisha nafasi ya kuhifadhia data zake. Tunaanzia Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, kwa kuwa koltani ya Rubaya na bati la Bisie huishia katika kapasita na lehemu za kompyuta. Kiswahili husemwa machimboni humo, ilhali elimu ya juu ya nchi hiyo hutolewa kwa Kifaransa.

Istilahi ya kwanza ijayo akilini ni kugawa. Inapotosha, kwani kilichogawiwa hakidaiwi tena, hali katika lugha ya C nafasi iliyoombwa kwa malloc hurudishwa kwa free. Kuazima kungefaa, lakini lugha ya Rust imekwisha kuitwaa dhana hiyo kwa kutumia data bila kuhamisha umiliki. Hivyo tunapendekeza kutenga, na mtengaji kwa sehemu ya programu ifanyayo kazi hiyo.

Mwandishi wa programu aweza kujitungia mtengaji wake. Katika lugha ya Zig, desturi ni kwamba sehemu ihitajiyo nafasi hukabidhiwa mtengaji waziwazi. Yuko mtengaji achukuaye eneo kubwa, akakata vipande mfululizo, kisha akaviachia vyote kwa mkupuo. Mkulima wa Masisi akodiye shamba kwa msimu ataielewa mantiki hii: harudishi tuta mojamoja. Mbinu hii ni ya haraka, ila eneo zima hubaki limeshikwa hadi mwisho.

Tatizo kubwa zaidi ni kuvuja, tafsiri sisisi ya Kiingereza. Kumbukumbu haivuji, ipo palepale, imehesabiwa kuwa inatumika, ila programu imepoteza anwani yake. Kiswahili kina neno hame, yaani makazi yaliyoachwa na watu. Tangu vita vya 1993, vilivyoanzia Walikale na kuenea Masisi, wakazi wa huko wameyajua mahame kwa uchungu.

Hata hivyo, sitiari hii ina mpaka wake. Programu inapokoma, mfumo endeshi huyatwaa mahame yote na kuyatenga upya, bila kumuuliza mtu. Mashamba ya Masisi hayarudi hivyo: wenyewe wangali hai, na wanaikumbuka mipaka yake.