Bumu la siku 60: hesabu ya mwanafunzi wa Mitundu jijini Dar es Salaam

Shilingi 10,000 kwa siku. Hicho ndicho kiwango cha chakula na malazi ambacho Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilianza kukitumia mwaka wa masomo 2022/2023. Kabla ya hapo kilikuwa 8,500, na hadi mwaka 2015 kilikuwa 7,500. Fedha hizo haziingii siku kwa siku. Huja kwa mikupuo, na kwa anayepewa kiwango kamili, mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Wanafunzi huuita bumu. Ni mkopo, na mhitimu akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, kwa hiyo kila shilingi inayopotea leo italipwa kesho kwa jasho.

Ukigawa 600,000 kwa 60 unapata 10,000, na hapo hesabu inaonekana imekwisha. Lakini wapo wengi ambao kufikia wiki ya sita wanapiga pasi ndefu, yaani mlo mmoja unasubiriwa hadi jioni. Si kwamba wote walitapanya. Jiji lina gharama za aina mbili: zinazokuja kila siku na zinazokuja zote kwa mpigo. Bumu limepimwa kwa ajili ya zile za kwanza, lakini linamezwa na zile za pili.

Tuchukue mwanafunzi anayetoka Mitundu, kata iliyo kusini mwa Itigi mkoani Singida, kwenye barabara ya kwenda Rungwa na Makongolosi. Safari yake inapita Itigi, Manyoni, Dodoma na Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, anaweza kushuka basi Dodoma na kumalizia safari kwa reli. Anatoka mkoa ambao kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu 2,008,058, anaingia jiji la watu 5,383,728. Nyumbani kwao watu wanalima alizeti na mahindi, na kugawa wanakujua vizuri: mama wa nyumba anajua gunia la mahindi litalisha watoto hadi lini, na unga ukianza kupungua anabadilisha kipimo mapema. Ujuzi huo ndio unaotakiwa chuoni.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu siku, kabla ya kuhesabu fedha. Muhula wa wiki 17 ni siku 119. Mabumu mawili ya siku 60 yanaufunika kwenye karatasi, lakini hayaachi nafasi ya bumu kuchelewa. Anayejua hilo hugawa 600,000 kwa siku 65 badala ya 60. Kiwango chake kinashuka hadi takribani 9,230 kwa siku, na kila mkupuo unabaki na kinga ya siku tano.

Hatua ya pili ndiyo nzito: malazi. Hosteli za Dkt. John Pombe Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizozinduliwa Aprili 2017, zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Anayekosa kitanda cha chuo anaenda mtaani: Sinza, Mabibo, Ubungo, Changanyikeni. Huko mwenye nyumba huomba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja.

Tukadirie chumba cha 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000. Ongeza 60,000 ya dalali, inakuwa 420,000. Mwanafunzi akiilipa peke yake kutoka kwenye bumu la kwanza anabakiwa na 180,000, yaani 3,000 kwa siku kwa siku 60. Wakiwa wawili kwenye geto moja, kila mmoja anatoa 210,000 na kubakiwa na 390,000, sawa na 6,500 kwa siku. Lakini itazame 420,000 hiyo ikiwa imetandazwa kwenye siku 180: ni kama 2,333 kwa siku, au 1,167 kwa kila mmoja wakishirikiana. Kodi yenyewe haizidi uwezo. Kinachoumiza ni kudaiwa yote siku moja.

Ndiyo maana mgawanyo ulio salama huanzia Mitundu, miezi kadhaa kabla ya chuo kufunguliwa. Alizeti huvunwa karibu Mei na Juni. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Fedha ya mavuno nayo huja kwa mpigo, kama ilivyo kodi. Familia ikiitenga fedha ya alizeti kwa ajili ya gharama za mpigo, bumu linaachwa lifanye kazi yake ya kulisha siku. Orodha ya mpigo ni fupi: nusu ya kodi na dalali 210,000, bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka, godoro, ndoo, sufuria na jiko, tuseme 100,000, nauli ya kwenda, tuseme 70,000. Jumla ni 430,400. Ni fedha nyingi kwa mkulima, ila inajulikana mapema, na kinachojulikana mapema kinaweza kuwekewa magunia yake kando.

Sehemu ya mchango wa nyumbani inaweza kusafiri kama chakula. Ugali wa mlo mmoja kwa mtu mmoja hutumia karibu robo kilo ya unga. Kwa siku 120 hiyo ni kilo 30. Mafuta ya alizeti ya vijiko vichache kwa siku, kama mililita 40, hayafiki lita tano kwa muhula mzima. Dumu moja linatosha. Jambo la kuangalia ni aina ya unga. Dona hubaki na kiini cha mahindi chenye mafuta, hivyo huchacha na kuwa chungu mapema, hasa kwenye joto na unyevunyevu wa Pwani. Sembe iliyokobolewa na kukaushwa vizuri hustahimili zaidi. Anayependa dona apeleke kilo chache, sembe ibebe sehemu kubwa ya mzigo.

Umbali wa chumba nao una bei. Katika mabadiliko ya Desemba 2023 ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nauli ya daladala kwa njia zisizozidi kilomita 10 ilitoka 500 hadi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200. Siku tano kwa wiki, wiki 17, ni 102,000 kwa muhula. Anayebadilisha gari njiani hulipa mara mbili: 204,000. Tofauti hiyo ni karibu 25,000 kwa mwezi. Chumba cha mbali ambacho kodi yake imepungua kwa 20,000 tu, kwa hesabu hiyo, ni ghali kuliko cha karibu, bado hujagusa saa za foleni.

Umeme unahitaji swali moja kabla ya kulipia chumba: mita ni ya nani? Kwa bei za TANESCO za mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Aliye daraja la kawaida hulipa 292. Nyumba ya wapangaji sita kwenye mita moja haibaki daraja la chini. Tena kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU na ikapandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi mwaka 2023, humkata anayenunua umeme, hata kama jengo si lake.

Baada ya hayo inabaki siku yenyewe. Chai na maandazi 1,000. Mchana kwa mama lishe, wali maharage, 2,500. Usiku ugali wa kupika, ukinunua mboga na nishati tu, 1,500. Maji na sabuni 500, bando 500, kudurufu 300. Nauli ya 1,200 kwa siku tano, ikigawanywa kwa saba, ni 857. Jumla: 7,157. Bei za mtaa hupanda na kushuka, kwa hiyo kila mmoja ajaze za kwake, lakini mistari ni hiyo hiyo.

Nidhamu inahitaji utaratibu usiochosha. Unaofaa ni wa wiki: Jumapili jioni hutolewa fedha ya siku saba tu, bumu linabaki benki. Kutoa kidogo kidogo kila siku kwa wakala hulimbikiza makato. Kwenye daftari, safu tatu zinatosha: kilichopangwa, kilichotumika, kilichobaki. Anayeona Alhamisi kwamba amebakiwa na fedha ya siku moja anapunguza siku hiyo hiyo, kabla hajafungua programu ya mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na mwanafunzi aliyeishiwa wiki ya mwisho ni windo jepesi kwa kausha damu wa aina hiyo.

Sasa tufunge mahesabu. Kati ya 9,230 na 7,157 kuna 2,073 kwa siku. Kwa siku 119 hiyo ni zaidi ya 246,000, mbali na kinga ya siku tano katika kila mkupuo. Kodi iliyoanza mwanzoni mwa Novemba inakwisha mwishoni mwa Aprili, na fungu la pili la mwanafunzi anayeshirikiana chumba, bila dalali, ni 180,000. Aprili alizeti ya Mitundu bado iko shambani na nyumbani hakuna cha kuuza. Mwanafunzi aliyepanga hivi anamlipa mwenye nyumba kutoka kwenye akiba ya muhula wa kwanza, na wazazi hawalazimiki kuuza mazao yakiwa bado hayajakomaa.