Alama Kumi na Moja

Andika alama hizi kwenye karatasi: + + – + + + – – – + –. Zisogeze zote hatua moja kulia, na ile inayotoka mwisho irudi mwanzo. Huo ni mstari wa pili. Endelea hivyo hadi mstari wa 11, kisha malizia kwa mstari wa alama za kutoa tupu. Tayari una jedwali la majaribio 12 la kupimia mambo 11 kwa mpigo: moto wa tanuri, hamira, muda wa kukanda, chochote chenye hali mbili, + na –. Kila mstari ni jaribio moja, kila safuwima ni jambo moja. Anayetaka kujaribu kila mchanganyiko ataoka mara 2,048.

Sasa chagua safuwima mbili, zozote zile. Jumlisha na jumlisha zimekutana mara 3. Jumlisha na kutoa, 3. Kutoa na jumlisha, 3. Kutoa na kutoa, 3. Hiyo ndiyo maana ya jedwali othogonali: kila jambo linapimwa bila kuegemea jingine. Nimezihesabu mara nyingi kuliko kazi yangu inavyodai, na bado nastaajabu.

Waliolibuni ni Plackett na Burman, nchini Uingereza, mwaka 1946. Walitoa majedwali ya kila ukubwa unaogawanyika kwa 4 hadi 100, isipokuwa 92. Pengo hilo lilikaa wazi hadi Baumert, Golomb na Hall walipoitafuta matriki yake kwa kompyuta, wakaichapisha mwaka 1962.

Leo, kwenye programu ya R, unapakia kifurushi cha FrF2, unaandika pb(12), basi. Ninachokipenda hapo ni adabu zaidi ya kasi. Bila kuombwa, programu huchanganya mpangilio wa mistari, ili joto la mchana lisije likasingiziwa hamira. Ukiipa namba ya kuanzia, kesho itakurudishia mpangilio uleule, na mwenzako ataweza kukukagua.

Jedwali lina deni lake, lakini. Hamira na moto vikisaidiana au kupingana, theluthi ya athari hiyo huingia kwenye hesabu ya muda wa kukanda, na ya kila jambo jingine lililobaki. Anayedhani majaribio 12 yamemaliza mashaka yote hajalisoma.

Kwa hiyo, kabla hujawasha tanuri, chukua safuwima mbili uzihesabu mwenyewe kwa kidole.