Akta Asiyeonekana

Watu wa Bonde la Ufa wamezoea mandhari yao kuazimwa na watu wa sinema. Miamba ya Hell's Gate, Naivasha, imo katika filamu ya Lara Croft iliyotoka mwaka 2003. Mimi huvutiwa zaidi na mkopo wa upande wa pili: DJ anayeichukua filamu ya Hollywood, Mumbai au Hong Kong, akaipunguza sauti, akaisimulia upya kwa Kiswahili, hadi ikawa mali ya Kaptembwa, Molo na Salgaa.

Huyo namhesabu kuwa mwigizaji kamili. Jukwaani pale Nakuru Players kila mhusika ana mwili wake na mavazi yake. DJ ana koo moja tu, na kwa koo hilo huwa akta, adui, mamake akta, askari mla rushwa na binti anayelia mvuani. Hawezi kuwapa wote sauti tofauti, basi huwapa mwendo tofauti. Akta humkatia maneno mafupi. Adui humpa utaratibu wa mdai anayejua kwamba mlango wa nyuma umefungwa. Na panapotosha ngumi kusema, hunyamaza. Kujua pa kunyamaza ndiko kunakomtenga fundi na mpiga domo.

Nchini Kenya jina lililotangulia ni la DJ Afro, ambaye filamu zake zimevuma vibandani, kwa vinyozi na ndani ya mabasi, tangu enzi za diski hadi hizi za simu. Uganda ina VJ Jingo, na Tanzania ilimpata Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Mbali zaidi, Japani ya sinema bubu ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, baadhi yao wakiwavuta watu kuliko waigizaji wenyewe, mpaka filamu zenye sauti zilipowanyang'anya kazi miaka ya 1930. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: filamu anazosimulia DJ zilitufikia zikiwa na sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyotufanya tumtafute msimulizi.

Bonde la Ufa lilimhitaji hasa. Kwenye benchi moja hukaa mchuma maua wa Naivasha, dereva wa lori aliyelaza gari na mkulima wa viazi: Mluo, Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mturkana. Kihindi hakuna akijuaye, Kiingereza kila mtu ana kipande chake. Kiswahili cha DJ hakimwachi yeyote nje. Mzaha unapotua, wote hucheka kwa pamoja, wala hakuna anayesubiri kufasiriwa na jirani. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kinachomtoa mtu nyumbani jioni. Picha angeweza kuiona peke yake. Kicheko cha benchi zima hakipatikani kitandani.

Watengenezaji filamu wetu waliiona nguvu hii. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, Mwas anauza filamu kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, na Joseph Wairimu, aliyemwigiza, akatuzwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo. Kabla hajaufikia ukumbi wowote wa maigizo, Mwas alikuwa keshafuzu shule ya mnunuzi anayeweza kuondoka wakati wowote.

Lipo doa. Filamu nyingi zilisimuliwa bila idhini, na waliozitengeneza hawakuona hata senti. Hilo si dogo, wala sifa za msimulizi haziliondoi. Ila dawa yake ni leseni na malipo, kwa mwenye filamu na kwa mwenye sauti pia. Tunamlipa anayeandika manukuu chini ya picha. Anayeigiza watu kumi kwa pumzi moja anastahili mkataba, jina lake kwenye bango, na nafasi ya kuwafundisha vijana wa maigizo jinsi ya kushika ukumbi bila kuonyesha uso.