Neno na Majirani Zake

Orodha za vivumishi adimu vya Kiingereza zimekuwa chakula cha kila siku cha wanafunzi wetu ughaibuni. Kila neno huja na maana fupi, pamoja na ahadi kwamba insha ya msomaji itang'aa. Hoja yangu ni kwamba orodha hizo huacha jambo lenye uzito kuliko maana, nalo ni majirani wa neno.

Tuchukue "auburn". Kamusi itasema ni rangi ya hudhurungi inayoelekea kwenye wekundu. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika juu ya gari la rangi hiyo. Kimaana hakukosea, ila sentensi ilichekesha, kwa kuwa neno hilo limezoea kukaa na nywele. Asili yake nayo ingempoteza zaidi: lilitoka katika Kilatini likiwa na maana ya weupe, likabadilika lilipochanganywa na "brown".

Ajabu ni kwamba Mswahili ana ujuzi huu tangu utotoni. Kanzu ni nyeupe pe, usiku ni mweusi ti, ndoo hujaa pomoni, na aliyechoka hulala fofofo. Hakuna asemaye "nyeusi pe". Tanakali hizi hatukuzikariri. Tulizisikia zikiwa mahali pake.

Samuel Johnson alilitambua hilo. Kamusi yake ya 1755 ina nukuu zaidi ya laki moja kutoka kwa waandishi, ili msomaji alione neno likiwa kazini. Orodha za leo zimehifadhi maana na kutupa nukuu.

Nami niliwahi kunaswa. Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu niliijaza maneno mazito kwa hofu ya kuonekana mgeni. Msimamizi wangu alipiga mstari chini ya mojawapo, akauliza: "Hapa uliona nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliona neno, si kitu.

Hofu hiyo ndiyo inayozipa orodha wateja, wala simcheki aliye nayo. Namshauri tu alitafute neno adimu ndani ya riwaya au shairi, anakili sentensi nzima, kisha asubiri kukutana nalo tena kabla ya kulitumia. Kumi yaliyopatikana hivyo kwa mwaka yatamfaa kuliko mia yaliyokaririwa usiku mmoja. Akilikosa, aeleze alichokiona kwa maneno mepesi. Msomaji atakiona pia.