Vilele na Mikupuo: kuhusu lugha ya wapimao homoni za vijana

Makala ya Veldhuis, Carlson na Johnson, iliyotoka mwaka 1987 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, ina kichwa kisichosita: tezi ya pituitari humwaga homoni kwa mikupuo. Kiambishi hu- cha mazoea ndicho tafsiri yake ya haki, kwani waandishi hawakusema «huenda» wala «yaelekea». Lakini mkupuo wenyewe haukuonwa. Kilichopimwa ni kiasi cha homoni katika damu, na damu ni kama mtungi wenye tundu: ajuaye kimo cha maji hajui bado yamemiminwa mangapi, wala yanavuja kwa kasi gani.

Ustadi wa waandishi hao ni kukokotoa mmimino na mvujo kwa pamoja, kwa hesabu ya wachambuzi wa ishara iitwayo dekonvolusheni, yaani kuurudisha mchanganyiko kwenye vyanzo vyake. Kupita hatua ya kuhesabu vilele vya mchoro tu kwastahili sifa. Hata hivyo, hesabu hiyo huanza kwa kudhani kwamba kila mmimino una umbo la kengele, na atafutaye kengele hupata kengele. Tena makadirio yake mawili huweza kufidiana: mvujo ukidhaniwa kuwa wa polepole mno, mikupuo itaonekana midogo kuliko ilivyo.

Kwa vijana wanaobalehe jambo hili si la wanahesabu peke yao. Mwaka 1978 Belchetz na wenzake walionyesha, kwa tumbili wa rhesus, kwamba homoni ya ubongo iiamrishayo pituitari huiamsha ikitolewa mara moja kila saa, na huinyamazisha ikitolewa mfululizo. Ndiyo sababu watoto wanaobalehe kabla ya wakati hutibiwa kwa dawa inayoiga homoni hiyo bila kukatika. Nao Boyar na wenzake, mwaka 1972, walikuwa wamechota damu kila dakika 20, usiku na mchana, wakaona homoni ya LH ikipanda usingizini kwa wanaobalehe, si kwa watoto wadogo wala kwa watu wazima. Ushahidi huo umesimama bila dekonvolusheni. Lakini kwa kipimo cha dakika 20, mikupuo inayofuatana kwa chini ya dakika 40 haitenganishiki, na damu ya mtoto haichotwi kama maji ya mto.

Kifaransa, lugha ya mafunzo ya tiba nchini Kongo, hutumia hapa kivumishi kitokanacho na mapigo ya mshipa. Kusema «mapigo» kwa Kiswahili kungempeleka msomaji moja kwa moja kwenye moyo, penye mdundo ulio sawa. Mkupuo hauahidi mdundo. Waweza kuwa mkubwa au mdogo, wa karibu au wa mbali. Basi «vilele» viachiwe kile kinachoonekana mchoroni, na «mikupuo» kile kinachokisiwa nyuma yake. Kwa maneno hayo mawili kichwa cha mwaka 1987 kingesomeka hivi: vilele vya homoni katika damu vyaelezeka kwa mikupuo ya pituitari. Kingepungua mvuto kidogo, lakini daktari anayekisoma angejua ni wapi kipimo kimekoma na hesabu imeanza.