Fimbo, mistari na kibao: kumsoma Tshibumba kwa macho ya mchapaji

Wandugu, kuna sentensi moja inanichokesha. Kila mara tukiongea juu ya wachoraji wa zamani wa Shaba, mmoja wetu mwenye diplome mkononi anasema: "Wale walikuwa wanakopia tu, sanamu moja mara makumi." Anasema vile kama vile kesi imekwisha. Miye naona kesi njo inaanza pale.

Tuchukue Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Elisabethville mwaka 1947. Wengi wenu munamujua kwa sababu ya ile historia ya Zaire aliyoichora katika sanamu zaidi ya 100, mwaka 1973 na 1974, na kumuelezea Johannes Fabian kwa Kiswahili chetu cha Katanga, sanamu moja baada ya ingine. Kazi hiyo leo iko Amsterdam. Lakini ile haikuwa kazi iliyomlisha. Kilichomlisha ni sanamu za kuuza mlango kwa mlango, na ile watu walioitafuta sana ilikuwa "Colonie belge": mfungwa amelala chini, askari mweusi anamchapa fimbo, muzungu anaangalia, bendera ya Ubelgiji iko juu, na wanawake wanalia. Wachoraji wengi walikuwa nayo, na kila mmoja aliirudilia. Kitambaa mara mingi kilikuwa cha magunia ya unga, na wanunuzi walikuwa watu wa mushahara: karani, mwalimu, mufanyakazi wa Gécamines. Kwenye saloni ukuta mmoja ulibeba mamba muntu, ule mwingine ukabeba fimbo.

Sasa mutu anayesema "walikopia" aniambie: nani alikuwa anaomba kopi? Ni jirani aliyeona ile ya jirani. Alitaka ileile, si nyingine, kwa sababu ilikuwa ukumbusho, na ukumbusho unapata nguvu ukiwa kwenye nyumba mingi. Hapo mchoraji anafanya kazi ya mashini ya kuchapa kwa kutumia mkono wake. Kila mara anaanza upya: mstari wa bendera, mgongo, fimbo. Hakuna "Colonie belge" mbili zinazofanana kabisa. Na kila moja inamchukua karibu wakati uleule kama ile ya kwanza, njo maana hakutajirika.

Miye nilianza kujifunza kuchonga chapa miaka miwili iliyopita, kwa mikono yangu na kwa makosa ya vidole vyangu, na toka siku ile siwezi kuangalia "Colonie belge" bila kuona kibao kilichokosekana.

Kwa wale ambao hawajagusa kazi hii: unachukua mbao laini au linoleamu, unachora, halafu unatoa kwa patasi kila fasi ambayo itabaki nyeupe. Kinachobaki juu njo kitashika wino. Unapaka wino kwa rulo, unaweka karatasi, unasugua mgongo wake kwa kijiko, unainua polepole. Mashini inasaidia, lakini kijiko kinatosha. Ukipenda unapata sanamu 30 kwa kibao kimoja, zote za asili, hakuna moja ambayo ni kopi ya ingine. Kila kitu kinatoka kinyume. Jaribu jina la mji wetu: katika KOLWEZI, O, W na I zinakusamehe, lakini K, L, E na Z lazima uzichonge zikiangalia nyuma. Na ukishatoa, umetoa. Mchoraji akikosea anapaka rangi juu. Mchongaji akikosea anabadilisha mawazo yake yafuate kosa.

Sasa tumuweke kando ya Tshibumba mtu wa rika lake, John Muafangejo. Alizaliwa mwaka 1943 upande wa Angola karibu na mpaka wa Namibia, akasoma mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye kituo cha Rorke's Drift, Afrika Kusini, ambacho Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius, walikianzisha pamoja na kanisa la Kilutheri. Azaria Mbatha alikuwa ameshaonyesha pale kwamba habari za Biblia zinaweza kuchongwa kwenye linoleamu zikawa habari za Waafrika walio chini ya ubaguzi. Kituo kile hakikuwa shule ya picha tu. Kulikuwa na wanawake wafumaji na watu wa vyungu, na chapa zilitundikwa zikauke karibu na kazi za wengine. Naamini hilo lilisaidia sana. Mutu anayechonga akisikia mashini ya kufuma siku nzima, anajua kwamba sanamu ni kazi kati ya kazi.

Muafangejo na Tshibumba wanafanana kwa jambo moja ambalo wahakiki wa masaloni makubwa hawalipendi: wote wawili wanaandika ndani ya sanamu. Tshibumba anaandika kwa Kifaransa, tarehe na jina, ili mutu asijidanganye. Muafangejo anaandika kwa Kiingereza, sentensi nzima, wakati mwingine inapanda juu ya kichwa cha mtu au inazunguka nyumba, na kila herufi ameichonga kinyume. Mtambo wa kuchapia wa kanisa huko Oniipa ulilipuliwa mwaka 1973, na ulipojengwa upya akachonga sanamu juu yake. Fikirieni hilo kidogo: sanamu iliyochapwa, juu ya mashini ya kuchapa iliyouawa ikafufuka. Haielezi sana. Inaonyesha jengo na watu na tarehe. Kwangu ni kati ya kazi bora za bara hili, na siyo kwa sababu ya uzuri wa mistari yake, ambayo kwa kweli mara ingine imebanana kama soko la jioni.

Lakini nirudi kwenye fimbo, maana hapo njo iko hoja yangu. Angalia wafungwa wa "Colonie belge": wamevaa nguo za mistari. Kwa brashi, mistari ya nguo na alama za fimbo ni vitu viwili, rangi mbili, mikono miwili tofauti. Kwa patasi yenye ncha ya V, mstari wa nguo na kidonda ni tendo moja. Unasukuma chuma, ngozi ya linoleamu inafunguka, unaacha. Nilijaribu, kwa mazoezi tu, mgongo mmoja bila kichwa. Nilifika mstari wa saba nikasimama, maana mkono wangu ulikuwa unafanya kazi ya yule askari. Brashi haikulazimishi kujua hivyo. Sisemi Tshibumba angekuwa mkubwa zaidi na kibao. Rangi yake, lile njano na lile anga tulivu lisilojali kitu, ni nusu ya ukali wake, na nyeusi na nyeupe ingelipoteza. Nasema tu kwamba kuna ukali mwingine ambao bado hatujautumia.

Kuna atakayenikumbusha Hangar ya Lubumbashi, ile akademia ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliifungua mwaka 1946. Kweli. Na Mwenze Kibwanga, kwa ile michirizi yake mifupi yenye kufuatana, anakaribia sana kuonekana kama amechapa kutoka kwenye mbao. Lakini Mwenze anaongeza mchirizi juu ya mchirizi. Mchongaji anapunguza. Tena Hangar ilipenda ndege, samaki, nyoka na mawindo. Ni nzuri, sina neno. Tu, nje ya lango Union Minière ilikuwa inapiga king'ora, na king'ora hakisikiki ndani ya zile sanamu.

Cha kuchekesha, Mbelgiji mmoja alikuwa ameshachonga kile kingeweza kusikika kwetu. Frans Masereel alitoa mwaka 1918 kitabu cha sanamu 25 za mbao, bila maneno, juu ya mtoto wa mama asiye na mume anayekuwa mufanyakazi, anaongoza wenzake, anahukumiwa kufa. Kitabu hicho hakikuletwa kwenye makambi yetu ya wafanyakazi. Kilifika Shanghai! Kilitolewa pale mwaka 1933 na dibaji ya mwandishi Lu Xun. Miaka miwili mbele, Agosti 1931, alikuwa amekusanya vijana wachache kwa mafunzo ya siku sita ya kuchonga mbao, mwalimu akiwa Mjapani, na kutoka pale ikazaliwa harakati nzima. Hapa Kolwezi tunaijua China kwa malori na viwanda. Hiyo China ya siku sita, yenye patasi na karatasi ya bei rahisi, haikupitia barrière ya Kasumbalesa.

Basi vifaa. Watu wananiambia linoleamu haipatikani, nami nawajibu balatumu iko kila fasi. Ni nusu ya ukweli. Linoleamu ya kweli ni mafuta ya kitani, unga wa koki na kitambaa cha juti. Ukiiweka juani dakika kumi inalainika, na patasi inapita kama kwenye sabuni. Balatumu ya sokoni ni plastiki nyembamba. Inavutika, chuma kinateleza, ukikata kidogo zaidi umefika kwenye mgongo wake. Lazima uigundishe kwenye triplex, ukubali maumbo makubwa, na usahau nywele na kope. Triplex yenyewe inachongeka, lakini ukikata kupinga nyuzi inapasuka vijiti. Patasi zangu mbili ni vyuma vya mwavuli vilivyonolewa kwenye jiwe. Zile nzuri zinanunuliwa mbali. Na tafadhali, mkono wa kushoto ukae nyuma ya chuma, siyo mbele. Kovu langu ni la kutosha kwa sisi wote.

Jambo ambalo linanisumbua zaidi ya vifaa ni mnunuzi. Tunajua kilichopata shaba iliyogongwa kwa nyundo: sura ya mwanamke, mtumbwi, machweo, tayari kwa sanduku la msafiri. Chapa ni nyepesi, inakunjika, inaingia kwenye valizi vizuri kuliko shaba. Fred Mutebi wa Uganda anachonga kibao kimoja kwa rangi mingi, akikipunguza kila baada ya rangi, hivyo mwisho wa kazi kibao kimekufa na idadi haiwezi kuongezeka. Njia hiyo inalinda bei, na Mutebi ni fundi kweli. Kwa hapa kwetu lakini ningependa kinyume: kibao kinachobaki, ambacho mwaka kesho mama wa jirani anaweza kuomba moja nyingine, ileile.

Maana sanamu za Kolwezi hazikosi. Kasulo, pale watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao mwaka 2014, imepigwa photo mpaka imechoka, na zile photo zinakaa kwenye simu za watu ambao hawatafika hapa. Ndani ya saloni za Kasulo yenyewe, utazikuta ngapi? Kibao ninachochonga sasa ni shimo katikati ya saloni, kiti kimoja kimesogezwa pembeni, na ukutani, ndogo sana, "Colonie belge". Herufi zake nimezichonga kinyume. Nimeshatoa tano za kujaribu kwa kijiko. Ya tatu njo ilishika wino vizuri, nayo iko kwa jirani yangu, juu ya televizio.